Nani amemfungulia nani akaunti? Dosari za tafsiri katika Kiswahili cha mitandao

Kiswahili cha tarakilishi kimejadiliwa sana, ila mjadala wenyewe aghalabu huishia kwenye nomino. Tumebishana miaka nenda miaka rudi iwapo tuseme tarakilishi au kompyuta, nywila au nenosiri, kipanya au puku. Ubishi huo una manufaa yake, lakini umetusahaulisha vitenzi, viambishi na majina ya watu, na huko ndiko Kiswahili cha mitandao kinakoumia zaidi. Wiki hii nataka kuhakiki lugha inayotumiwa kueleza shughuli moja tu: kuwaundia watumiaji wengi akaunti za mtandao na folda zao kwa mkupuo mmoja, bila msimamizi kuketi na kuziandika moja moja.

Kwanza, tuielewe shughuli yenyewe. Tuseme chuo kimepokea wanafunzi wapya 3,000. Kila mmoja anahitaji jina la kuingilia, nenosiri la kuanzia, kikundi chake na folda ya kuhifadhia kazi kwenye seva. Ikiwa kila akaunti itamchukua msimamizi dakika tano, hizo ni saa 250, yaani zaidi ya wiki sita za kazi. Hakuna anayefanya hivyo. Msimamizi huandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine. Skripti husoma jedwali la majina mstari kwa mstari, na kwa kila mstari huunda akaunti na folda. Katika Linux, amri ya useradd ikipewa alama ya -m hujenga folda ya mtumiaji, kwa kawaida chini ya /home, na kunakili humo faili za mwanzo zilizowekwa katika /etc/skel. Kwa upande wa Windows, akaunti za mtandao zimekuwa zikihifadhiwa katika Active Directory tangu Windows 2000, na wasimamizi wengi siku hizi huziunda kwa PowerShell.

Huo ndio utaratibu. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili tunachotumia kuueleza kina ugonjwa mmoja wenye dalili nyingi: kinamficha mtu. Kinamficha aliyetenda, aliyetendewa, mwenye mali na aliyetoa ruhusa. Ajabu ni kwamba sarufi ya Kiswahili ina vifaa vya kuwaonyesha wote hawa bila kutokwa na jasho.

Nianze na kitenzi. Watafsiri wetu hutumia 'unda', 'tengeneza', 'fungua' na hata 'sajili' kwa tendo lile lile. Mimi sina ugomvi na 'unda'. Mafundi waliunda majahazi, nasi tunaunda kamati na serikali. Akaunti nayo iundwe. Tatizo huzuka kinapoingia kiambishi -ji-. Kwa kuwa shughuli yenyewe ni ya otomatiki, mtafsiri hukimbilia kusema kwamba akaunti 'hujiunda'. Aliyezoea msemo wa benki wa 'kufungua akaunti' naye akiifuata njia hiyo hiyo ataangukia 'akaunti imejifungua'. Msomaji wa Kiswahili atataka kujua kama mtoto ni wa kike au wa kiume.

Kicheko kando, dosari yenyewe si ya maana mbili za neno tu. Kiambishi -ji- huonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Lakini hakuna akaunti iliyowahi kujiunda. Kuna mtu aliyeiandika skripti, kuna mtu wa afisi ya usajili aliyeleta jedwali, na kuna mtu aliyebonyeza kitufe ili kazi ianze. Jedwali likiwa na kosa kwenye mstari mmoja, kosa hilo litapita moja kwa moja hadi kwenye akaunti ya mtu. Skripti ikiwa na kosa, litawapata wote 3,000. Mwanafunzi anapofika dirishani kulalamika huambiwa kauli ambayo kila Mkenya ameizoea: "System imekataa." Hapo ndipo sarufi mbaya inapogeuka kuwa maisha mabaya. Mfumo haukatai. Mfumo hutekeleza alichoandika mtu, na mtu huyo anafaa kupatikana.

La kushangaza ni kwamba lugha ya mazungumzo imeshatatua tatizo hili ilhali lugha ya maandishi ingali inahangaika. Nenda katika afisi yoyote utasikia: "Enda kwa watu wa IT wakufungulie akaunti." Litazame neno 'wakufungulie'. Kiambishi wa- kinawataja watendaji. Kiambishi -ku- kinakutaja wewe unayefanyiwa. Kauli ya kutendea inaeleza kwamba tendo linafanywa kwa ajili yako. Neno moja limejibu maswali ambayo tafsiri rasmi imeyakwepa. Msemaji hakusoma isimu ili alitoe. Alilipokea pamoja na lugha.

Kwa hiyo ujumbe wa kumkaribisha mtumiaji mpya hauhitaji 'akaunti imejiunda' wala 'uundaji wa akaunti umekamilika'. Unahitaji 'umefunguliwa akaunti', na baada ya hapo utaje kitengo kilichomfungulia na mahali pa kuuliza likitokea tatizo. Wanaisimu watakumbuka kwamba kitenzi 'fungua' huwa na umbo moja katika kauli ya kutendwa na ya kutendewa. Tunasema 'akaunti imefunguliwa' na pia 'Juma amefunguliwa akaunti'. Kinachotofautisha ni kiima. Katika sentensi ya kwanza kitu ndicho kinachozungumziwa, katika ya pili ni mtu. Mimi nachagua ya pili.

Kitenzi hiki kina faida nyingine ambayo wasimamizi hawajaitumia vya kutosha. 'Fungua' ni kauli ya kutendua ya 'funga', kwa hivyo kilichofungwa kinaweza kufunguliwa tena. Kilichofutwa hakifunguliwi. Tofauti hii ina uzito mkubwa katika mitandao. Akaunti ya Windows ikifungwa, mtumiaji hawezi kuingia, lakini kitambulisho chake cha ndani hubaki, na ruhusa zake zote humngoja. Ikifutwa kisha ikaundwa nyingine yenye jina lile lile, mfumo huipa kitambulisho kipya. Jina ni lile lile, mtu ni yule yule, lakini folda yake ya zamani haimtambui.

Katika Linux hatari huja kwa mlango wa nyuma. Faili hutambua mwenyewe kwa nambari, si kwa jina. Mtumiaji akifutwa na faili zake zikaachwa, nambari yake inaweza kupewa mgeni, na mgeni huyo akajikuta mmiliki wa nyaraka ambazo hakuziandika. Sasa soma mwongozo unaomwambia msimamizi 'aondoe' akaunti ya mfanyakazi aliyestaafu. Aondoe vipi? Afunge au afute? Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyo wazi kama jua la mchana, nasi tunaokota cha tatu kisichosema lolote.

Dalili ya pili ni 'folda ya nyumbani'. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, na mtu anaweza kuitetea kwa kusema kwamba hata Kiingereza kinataja nyumba. Naam, Kiingereza kinaitaja, lakini Kiswahili hakikai kimya kikingoja maana kutoka nje. Muundo wa nomino ikifuatwa na 'ya nyumbani' tayari una maana kwetu. Nguo za nyumbani ni zile mtu anazovaa akiwa nyumbani. Viatu vya nyumbani ni vya kuvutia miguu barazani. Kazi ya nyumbani ni ile anayokwenda nayo mwanafunzi au anayoifanya mtu kwake. Basi folda ya nyumbani, kwa masikio ya Mswahili, ni folda ya mambo ya nyumbani.

Hebu fikiria matokeo. Karani anaambiwa kwamba amepewa folda ya nyumbani. Anaweka humo nakala ya hatimiliki ya shamba, picha za watoto, vyeti vya kuzaliwa na barua za daktari. Hajakosa, ameielewa lugha aliyosemezwa. Lakini folda hiyo iko kwenye seva ya mwajiri, msimamizi wa mtandao ana uwezo wa kuifungua, nakala zake huhifadhiwa pamoja na za wengine, na siku karani atakapoacha kazi inaweza kufutwa pamoja na akaunti yake. Nyumbani gani huko ambako mwenye nyumba anaweza kuingia usiku na kukuhamisha asubuhi?

Wapo wanaopendekeza 'folda maskani'. Neno 'maskani' linaeleza mahali pa kukaa bila kudai umiliki, hivyo ni bora kuliko 'nyumbani'. Hata hivyo, kwa vijana wengi wa Pwani maskani ni kijiweni, mahali pa kupiga soga, na kuna hatari ya kuhamisha utata badala ya kuuondoa. Nionavyo mimi, istilahi inayofaa ni 'folda ya mtumiaji'. Haina mapambo. Inamtaja anayehusika na inasema kwamba yeye ni mtumiaji, si mmiliki. Wasiwasi kwamba tutapoteza picha ya nyumba hauna msingi, kwani picha yenyewe haikuwa lazima tangu mwanzo. Katika Unix za awali folda za watumiaji ziliwekwa chini ya /usr, jina linalotokana na neno la Kiingereza la mtumiaji.

Folda hii pia inatuonyesha jinsi kitenzi kilegevu kinavyoweza kuharibu kazi. Msimamizi anayemwongeza mtu mmoja kwa mkono katika dirisha la Active Directory huandika anwani ya folda, na Windows humjengea folda hiyo na kumpa mtumiaji ruhusa. Msimamizi yule yule akitumia amri ya New-ADUser ndani ya skripti, amri hiyo huandika anwani tu. Folda haijengwi. Mfanyakazi mpya huingia asubuhi na kukuta njia inayoelekea mahali pasipokuwapo. Kuandika anwani si kujenga nyumba.

Mwongozo wa Kiswahili ukisema 'weka folda ya mtumiaji', umemwangusha msimamizi, kwa sababu 'weka' hubeba kuandika, kujenga na kutia mahali. Mwongozo mzuri ungetenganisha hatua tatu kwa vitenzi vitatu: andika anwani ya folda, unda folda, mpe mtumiaji ruhusa. Ikumbukwe kwamba hapa sizungumzii urembo wa lugha. Nazungumzia kazi kufanyika au kutofanyika.

Neno 'ruhusa' nalo linahitaji kutetewa. Katika baadhi ya tafsiri limesukumwa kando na 'haki': mtumiaji ana 'haki ya kusoma', 'haki ya kuandika'. Kwetu haki ni kitu anachostahili mtu, na akinyimwa amedhulumiwa. Ruhusa ina mtoaji. Huombwa, hutolewa na huondolewa. Ndiyo maana mwanafunzi husema 'nimepewa ruhusa', na anayesikia anaweza kuuliza, 'na nani?' Swali hilo ndilo ambalo kila mfumo wa mtandao unapaswa kuweza kulijibu. Kuita ruhusa haki ni kulizima.

Haki ya kweli ipo kwingine, katika sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya data ya mtu amfahamishe mhusika kuhusu ukusanyaji huo na madhumuni yake. Mhusika hawezi kusemwa kuwa amefahamishwa ikiwa ameambiwa kwamba seva ya kampuni ni nyumbani kwake.

Nisionekane kama mtu wa kulaumu tu, nitoe mfano wa tafsiri iliyofaulu. Folda inapoundwa ndani ya nyingine huchukua ruhusa za ile iliyo juu yake, na Kiswahili husema kwamba 'hurithi' ruhusa. Wako wanaopinga wakidai kwamba mtu hurithi kutoka kwa marehemu, ilhali folda mama ingalipo. Nawajibu kwamba mtoto hurithi sura na tabia za wazazi walio hai. Neno linafaa, na linamsaidia msimamizi kuona hatari mapema. Ikiwa folda mama inaruhusu kila mtu kusoma, basi folda zote 3,000 zitairithi tabia hiyo, na kila mwanafunzi ataweza kusoma kazi ya mwenzake. Skripti nzuri hukata urithi huo kabla ya kumkabidhi mtumiaji folda yake. 'Kukata urithi' ni msemo ambao hata bibi kijijini angeuelewa bila kamusi.

Dalili ya mwisho, na ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni majina. Skripti nyingi huunda jina la kuingilia kwa kuchukua herufi ya kwanza ya 'jina la kwanza' na kuiunga na 'jina la mwisho'. Kanuni hii imeingia katika fomu zetu kwa tafsiri sisisi, kana kwamba watu wote duniani huitwa kwa mpangilio wa Kiingereza. Chukua jina la marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Skripti ikiligawa palipo na nafasi, 'wa' linakuwa jina la kati, ingawa ni kihusishi kinachomfunga mwana na baba. Hali ni hiyo hiyo kwa 'arap' katika Daniel arap Moi, na kwa 'bin' na 'binti' katika majina ya Waswahili wa Pwani. Neno linaloeleza uhusiano linachukuliwa kuwa jina, kisha linafupishwa au kutupwa.

Halafu kuna kile kialama cha ng'. Katika Kiswahili, kama ilivyo katika lugha kadhaa za Kenya, ng' ni sauti moja, na kialama chake si kituo cha uandishi. Ukikiondoa, 'ng'oa' ya kung'oa mti inakuwa 'ngoa' ya kulia ngoa. Lakini katika PowerShell, kama katika ganda la amri la Linux, alama hiyo hiyo hufungua na kufunga maandishi. Skripti iliyoandikwa bila uangalifu ikifika kwa Ng'ang'a au Nyong'o hudhani kwamba maandishi yameisha katikati ya jina, na hukwama au huunda kitu cha ajabu. Mifumo kama Debian nayo haiikubali alama hiyo katika jina la kuingilia kwa kanuni zake za kawaida, ambazo hutaka herufi ndogo zisizo na viambatisho, tarakimu, kistari na kistari cha chini.

Kana kwamba hayo hayatoshi, programu za kuandikia hupenda kuipinda alama hiyo, na kwa kompyuta iliyopindwa na iliyonyooka ni alama mbili tofauti. Mtu mmoja akiandikwa kwa njia zote mbili, skripti humwona kuwa watu wawili. Kinyume chake nacho hutokea: Jane Kamau, John Kamau na Joseph Kamau wote wanakuwa jkamau. Skripti isiyochunguza kwanza kama jina limeshachukuliwa inaweza kushindwa kumfungulia John akaunti, kisha ikaendelea kutekeleza hatua zinazofuata kwa folda ya Jane.

Sisemi kwamba kompyuta ilazimishwe kukubali kila herufi katika jina la kuingilia. Windows yenyewe bado ina aina ya jina la kuingilia lisilozidi herufi 20, na hilo ni sharti la kiufundi. Ninachosema ni kwamba jina la kuingilia na jina la mtu ni vitu viwili. La kwanza linaweza kuwa nambari ya usajili, isiyofanana na ya mwingine na isiyomdhalilisha mtu. La pili liandikwe kamili mahali pa jina la kuonyeshwa, pamoja na kialama chake, 'wa' wake na 'binti' wake. Fomu nazo ziache 'jina la kwanza' na 'jina la mwisho'. Zimuulize mtu mambo mawili: jina lako kamili ni lipi, na ungependa kuitwaje?

Najua pingamizi litakalokuja. Wasimamizi wa mitandao husoma Kiingereza, wataniambia, na amri zenyewe ni za Kiingereza, kwa hivyo Kiswahili kina haja gani? Ni kweli kwamba msimamizi ataandika useradd wala si 'ongezamtumiaji', na mimi simtaki aandike vingine. Lakini skripti si kwa ajili ya msimamizi. Matokeo yake humfikia mpishi wa chuo, karani wa kaunti na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi inayoweza kuimba wimbo wa taifa lakini isiweze kumwambia karani faili zake ziko wapi na nani anazisoma ina urasmi wa jina tu.

Kwa hivyo nawasihi watafsiri na wasimamizi wafanye jambo moja kabla ya kuidhinisha istilahi yoyote. Waiweke ndani ya sentensi nzima, kisha waulize: nani amemfanyia nani nini? Sentensi ikishindwa kujibu, waitupe hata kama istilahi yenyewe inapendeza masikioni. Skripti itarudia maneno hayo mara 3,000 kwa dakika chache bila kuchoka wala kusita. Ni sharti mtu awe ameyachunguza kabla haijaanza.